Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Ibra, 29 Mei 1999

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii anayeweza kulisoma daftari hili. Baba anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, kama alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Mama anasoma Msahafu. Wadogo zangu wanazijua herufi za Kizungu, lakini Kiswahili chao ni cha kuomba maji na kugombana.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimwandikia ndugu yangu Himid maneno ambayo baba hakuyasema.

Himid ni mtoto wa baba wa Kenya. Baba alikuwa na duka Kapsabet, akaoa mwanamke wa Kinandi, na alipoondoka kurudi Oman mtoto alikuwa na siku arubaini. Mama yake alimwita Kiprop, maana yake aliyezaliwa mvua ikinyesha. Baba alimwita Himid. Mimi nilizaliwa huku mwaka mmoja baadaye, na sikumjua mpaka barua yake ya kwanza ilipofika dukani kwa baba, katikati ya katalogi za spea za magari. Ilikuwa na stempu ya Amerika. Mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyefundisha Kapsabet alimwona akikimbia, akamchukua akae nyumbani kwake, katika mji mdogo wenye mashamba ya mahindi, asome skuli ya huko na awakimbilie mashindanoni.

Baba aliniletea ile barua akaniambia, "Wewe unajua herufi hizi. Soma." Kiswahili changu cha kuandika nimejifunza humo, katika barua za Himid.

Kila mwezi baba anasema na mimi naandika. Anasema hivi: "Mwambie sisi wazima. Mwambie asome. Mwambie asiache kusali. Khalas." Akishasema khalas anaivuta kofia yake mbele na kuondoka.

Mara ya kwanza niliitazama ile karatasi yenye mistari mitatu, nikamfikiria mtu anayefungua bahasha iliyotoka mbali hivi na kukuta hayo tu. Nikaongeza neno moja. *Nakukumbuka.* Mwezi uliofuata nikaongeza mawili. Sasa barua za baba zinajaza kurasa. Zinasema kwamba kila alfajiri anamtaja Himid kwenye dua. Zinasema kwamba picha yake ya mbio ipo chini ya mto wake, lakini kwa kweli picha hiyo ipo kwenye droo ya dukani pamoja na fyuzi. Zinamwita mwanangu. Na mwezi uliopita nimeandika, *nipigie simu, nisikie sauti yako,* nikatia nambari ya nyumbani. Baba alikwisha kuniambia nambari asipewe.

Himid alipofika kule alikimbia kwenye theluji amevaa soksi mikononi, akawa wa saba. Mwaka jana alikuwa wa nne katika wilaya yao. Msimu wa baridi uliopita aliwashinda wote. Wiki ijayo atakimbia fainali ya jimbo zima, mizunguko minane ya uwanja. Ameandika, "Baba, maneno yako nayasema mzunguko wa saba, pale miguu inapokataa."

Maneno yangu.

31 Mei

Joto. Mama amelala mchana kutwa sakafuni.

3 Juni

Bi Kaltham, jirani yetu, amekuja kunywa kahawa. Yeye ni mtu wa Unguja, wa mjini, hata hapa Ibra anakaa kama mgeni anayesubiri gari lake.

"Shikamoo, Bi Kaltham."

"Marahaba. Nani huyo kasema? Nimesikia sauti, mtu simwoni."

Mama akacheka. Bi Kaltham akamwambia, "Fawziya, huyu mwanao atakuja kuposwa aambiwe bibi harusi yumo ndani, mume atafute chumba hadi chumba asimwone. Skuli ya thanawiya umemaliza, mwanangu, sasa unangoja nini?"

"Matokeo," nikasema.

"Matokeo." Alilitamka neno kama anayeonja chumvi.

6 Juni

Ameshakimbia. Huko ilikuwa jana. Jambo limekwisha kutokea na sisi tumekaa hapa hatulijui.

14 Juni

Tende za mwanzo zimeiva. Baba ameleta sahani moja, akala tatu amesimama. Kisha akauliza huku anatazama ukuta, "Posta hakuna kitu?"

"Hakuna, baba."

Najua anaulizia barua ya Himid, lakini nadhani anaiulizia kama anavyoulizia spea zilizochelewa. Ni mtu mkavu. Nimemwona akizika ndugu yake na kurudi dukani alasiri.

19 Juni

Baba ameuliza. Hakuna.

23 Juni

Upepo wa moto. Vumbi mpaka ndani ya sukari.

27 Juni

Imefika.

Baba aliiweka mbele yangu, akakaa juu ya mkeka. Mama aliondoka kwenda jikoni, kama anavyofanya kila barua ikija. Huwa nasema moyoni kwamba ana wivu na mwanamke wa Kapsabet.

Himid ameshinda. Amekuwa wa kwanza wa jimbo zima. Mpaka mzunguko wa sita walikuwa watatu, wa saba wakabaki wawili, wa nane alikuwa peke yake, na alipogeuka kutazama nyuma hakuona mtu wa kumwogopa. Vyuo vikuu vinne vimempigia simu. Amekubali kimoja, kitamsomesha bure miaka minne kwa ajili ya miguu yake. Ndani ya barua mlikuwa na kipande cha gazeti, na Himid ametafsiri pembeni: *Mshindi alipoulizwa siri yake alisema, baba yangu huniandikia.*

Nilisoma mpaka hapo nikasita. Baba akasema, "Endelea."

Mwishoni ameandika: "Baba, umeniambia nikupigie na mimi nimeogopa wiki nzima. Sasa nimeshinda siogopi. Nitapiga Jumamosi tarehe kumi Julai, saa kumi na moja jioni kwa saa za kwenu."

Hayo sikuyasoma. Nikasema, "Anawasalimia wote."

Baba akaichukua picha ya gazetini. Aliitazama muda mrefu.

"Miguu ya mama yake," akasema. Kisha akasema nijibu kwamba sisi wazima na tumefurahi. *Tumefurahi* ni neno jipya. "Khalas."

1 Julai

Sijala vizuri. Mama anafikiri ni matokeo ya mtihani.

5 Julai

Nimeandika barua ya kumzuia asipige. Nimeichana. Haitafika kwa siku tano.

8 Julai

Mabsali, tende za kuchemsha, ziko tayari, mitende yote ya baba imekuwa ya njano. Wameamua tabsili iwe Jumamosi.

Nimeshukuru Mungu kwa hilo. Siku ya kuchemsha tende hakuna anayebaki nyumbani. Mtaa mzima unakuwa shambani, wanaume wanakata vichala na kuchochea moto, wanawake wanapukuchua, mpaka jua lizame. Simu italia kwenye nyumba tupu. Mimi nitasema naenda kusali, nitarudi peke yangu, nitapokea. Nitamwambia baba yuko shambani. Nitamwambia anakupenda. Zaidi ya hapo sijui nitasema nini, lakini nitapata.

10 Julai

Naandika na miguu inauma.

Tulikuwa shambani tangu alfajiri. Maji yalikuwa yakichemka kwenye sufuria kubwa za shaba, na moshi wa magogo ya mitende ulikaa chini ya miti kwa kukosa upepo. Tende zinaingia kwenye maji na vikapu vyake, zikitoka zinamwagwa uwanjani kukauka. Harufu yake ni tamu, ikizidi inatia kichefuchefu. Nilikuwa nimekaa na Bi Kaltham tunapukuchua, vidole vyote vinanata. Kila nilipotaka kuinuka alinivuta shungi.

"Unakwenda wapi, we binti wa kimya? Kichala hiki bado."

"Kusali, Bi Kaltham."

"Tutasali hapa hapa sote, maji ya mfereji wa falaji si haya? Kaa."

Nikakaa. Kila mtu alikuwa ananitazama, na mimi mtu akinitazama siwezi kufanya kitu. Nikapukuchua kichala, nikapewa kingine. Kivuli cha ukuta kilifika kwenye mguu wa sufuria, nikajua saa imekaribia. Nikamtafuta baba kwa macho pale motoni. Hakuwepo.

"Baba yuko wapi?"

"Baba yako kaenda nyumbani zamani," akasema Bi Kaltham. "Jivu limemwingia jichoni. Nimemwambia akajioshe alale kidogo, mtu mzima yule."

Baba akitaka kulala mchana hulala majlisini, chini ya dirisha. Simu ipo hapo.

Niliinuka tende zikamwagika mapajani. Sijakimbia tangu nivae abaya, na hata kabla ya hapo sikuwa mtu wa kukimbia. Nilikimbia. Nilipita ukingo wa falaji, viatu vikabaki kwenye tope, nikapita kati ya kuta za udongo za mtaa wa Sufala, watoto wakanicheka, moyo ukanijaa masikioni. Nilifikiri, hivi ndivyo anavyohisi yeye. Mzunguko wa saba. Lakini yeye huwa na maneno ya kusema na mimi sikuwa na hata moja.

Baba alikuwa ameketi juu ya mto, jicho moja jekundu, simu sikioni.

"Ehe," alikuwa anasema. "Ehe. Soma tena hapo. Hapo pa alfajiri."

Sauti ndogo ikasoma ndani ya simu. Sikuyasikia maneno lakini niliyajua kwa mwendo wake. Himid alikuwa na barua zangu mkononi na alikuwa anamsomea baba.

"Na hiyo ya picha," akasema baba. Sauti ikasoma. Baba aliinua kichwa akaniona mlangoni, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Hakuniondolea macho.

"Mwanangu," akasema. Alikuwa anasema na simu. Miaka miwili nilimwandikia neno hilo kinywani, na leo amelisema mwenyewe. "Mwanangu, nisikilize. Hayo sikuyasema mimi. La alfajiri sikulisema. La picha sikulisema. Anayeandika ni dada yako. Mimi nilisema akusalimie."

Kisha sauti ndogo ikauliza kitu, kifupi.

"Hapana," akasema baba.

Simu ikakatika upande wa pili. Baba aliishika bado sikioni, mpaka mlio ule ukachoka.

Nilingoja anipige. Hajapata kunipiga, lakini nilingoja. Akasema, "Miaka miwili mtoto anampenda mtu ambaye si mimi. Umemtoa wapi mtu huyo, Dalal?"

Nikayatazama matone ya tope niliyoyaacha sakafuni.

"Nenda kaoshe miguu."

11 Julai

Baba ameniita baada ya kahawa. Msahafu ulikuwa mbele yake. Ameniambia niweke mkono na niape kwamba kuanzia leo, likija neno nitalisoma kama lilivyo, na likienda neno nitaliandika kama lilivyo. Nimeapa. Wallahi tatu.

Akaufunga Msahafu, akaenda dukani.

12 Julai

Mama amekaa karibu yangu tukichambua mchele. Amesema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Bahasha zilikuwa nene. Baba yako hana maneno ya bahasha nene." Akatoa jiwe, akalitupa. "Nilikuwa natoka nisisikie, nisije nikaulizwa."

Na mimi nilidhani ni wivu.

17 Julai

Tende zinakauka uwanjani. Nyuki.

20 Julai

Baba hajauliza kuhusu posta. Tangu ile siku hajauliza.

24 Julai

Matokeo yametoka. Nimepata sabini na sita kwa mia. Bi Kaltham amepiga kigelegele kimoja, kikafia hewani maana hakuna aliyemfuata. Mama amenibusu kichwani. Baba amesema mabruk, akaenda kuwatazama watu wanaotia tende kwenye magunia.

25 Julai

Nimeandika barua kwa Himid kwa jina langu mwenyewe. Nimesema nisamehe, ni mimi, nilikuwa nimesimama mlangoni ulipopiga simu, lakini sikukusudia ubaya. Nimeitia posta.

3 Agosti

Imekuja bahasha. Siyo mwandiko wake. Mke wa mwalimu ametuma kipande cha gazeti na karatasi fupi ya Kiingereza. Nimeisoma kwa kamusi. Anasema Himid atahamia chuoni wiki ijayo, yupo salama, lakini hali chakula mezani na watu, na anakimbia asubuhi na jioni mpaka wanamwogopea. Anatuuliza kama kuna jambo limetokea nyumbani.

Baba alikuwa amesimama pembeni yangu. "Gazeti linasema nini?"

Nilitazama. Ni habari ndefu, kijana wa Kenya aliyefika na soksi mikononi, sasa anakwenda chuo kikuu. Katikati wamemuuliza kuhusu baba yake anayemwandikia.

"Neno kwa neno," akasema baba.

Nimeapa. Nikasema, "Amesema, mimi sina baba."

Baba aliivuta kofia yake mbele. Safari hii hakusema khalas.

5 Agosti

Joto halishuki hata alfajiri. Nimeamka kusali nikamkuta baba bado yupo juu ya mswala, mikono ameinua. Niliona midomo yake ikitaja jina. Sikusogea karibu nisijue ni jina gani. Nikarudi kitandani nikalia, kwa sababu huenda alikuwa akifanya hivi siku zote na mimi nililitunga jambo lililokuwa kweli.

9 Agosti

Baba amekwenda mji wa Adam kwa shughuli ya mbuzi. Nyumba kimya.

11 Agosti

Leo jua limepatwa. Redio ilisema tangu jana. Baada ya alasiri nuru ilianza kugeuka rangi, vivuli vikawa vikali kama vimekatwa kwa mkasi, na kuku wa Bi Kaltham wakapanda mtini. Wanaume walikwenda msikitini kusali sala ya kupatwa. Mama alitufungia ndani, akashusha mapazia.

Baba aliporudi kutoka msikitini jua lilikuwa limefunguka. Alikaa juu ya mkeka, akasema, "Leta karatasi."

Nikaleta.

"Andika. Himid, ninayesema ni mimi Abdullatif. Dalal anaandika tu." Alisubiri mpaka kalamu imenyamaza. "Nilipoondoka Kapsabet nilimwambia mama yako, Jepkosgei, nitarudi baada ya miezi mitatu. Nilijua sirudi."

Sijapata kumsikia akilitaja jina lile. Mama alikuwa jikoni. Vyombo vikanyamaza.

"Ilikuwa inanyesha. Wewe ulikuwa umefungwa kanga ya kijani. Mama yako alikunyoosha kwangu nikushike. Sikukushika. Niliona nikikushika nitabaki."

Nikaandika mpaka neno la mwisho.

"Kwenye simu uliniuliza, je, walau lile la kunikumbuka ni lako? Nikasema hapana. Nimesema uongo. Dada yako aliliandika bila ya kuniuliza, lakini ni langu. Niliona haya. Mbio zako nazijua zote, tangu ile uliyokuwa wa saba." Akaigusa kofia. "Khalas."

Niliinua kalamu.

"Hapana, bado. Andika, nisamehe."

Nikaandika. Sikuongeza nukta. Akaichukua karatasi, na chini yake akaandika jina lake mwenyewe kwa Kiarabu, polepole, kama mtoto wa chuoni.

Nilimwambia, "Baba, kwa nini usimpigie? Mke wa mwalimu ametoa nambari."

"Kwenye simu nitakosea tena," akasema.

Miaka miwili nilifikiri hana maneno. Niliyomwandikia mimi ni pambo tu yakiwekwa kando ya haya.

14 Agosti

Baba ameitia posta mwenyewe.

22 Agosti

"Posta hakuna kitu?"

"Hakuna, baba."

28 Agosti

Ameuliza asubuhi na jioni. Magunia ya tende yameondoka. Uwanja wa kuanikia mtupu, umebaki na madoa.

2 Septemba

Hakuna.

7 Septemba

Bi Kaltham amemwambia, "Abdullatif, umekuwa kama mwari anayengoja barua ya mchumba." Baba alitabasamu. Mama akatutazama sote, kisha akamtilia kahawa baba kabla ya mgeni, jambo ambalo hafanyi.

13 Septemba

Hakuna. Upepo umeanza kubadilika usiku. Kaidhi, msimu wa joto, inakwisha.

20 Septemba

Imefika. Mwandiko wake. Jina juu ya bahasha ni langu, lakini baba hawezi kujua hilo.

Amekuja nayo kutoka dukani adhuhuri, kabla ya saa ya kufunga. Alinawa mikono. Akabadilisha kofia, akavaa ile ya Idi. Akamwita mama, na mama safari hii hakuondoka, alikaa pembeni mwa mlango. Niliifungua nikaisoma kwanza kwa macho. Hivi ndivyo ilivyoandikwa, na nainakili hapa ili pawe na mahali pamoja palipo kweli.

"Dada Dalal. Nimepata barua zako mbili, ya jina lako na ya jina lake. Ya jina lake umejitahidi kuliko zote. Umetia mpaka mvua. Lakini maana ya jina langu nilikueleza mimi mwenyewe, mwaka juzi. Na mama aliniambia siku ile nilifungwa blanketi, siyo kanga. Hilo neno nililomuuliza kwenye simu, ulikuwa umesimama hapo, ulisikia. Na jina la Kiarabu hata wewe unaweza kuliandika. Mimi sikukasirikii. Barua zako zimenifikisha hapa. Lakini baba mwenyewe nilimsikia kwa masikio yangu, akasema hapana, na hilo ndilo neno lake pekee ninalolijua. Jumamosi nilikimbia mbio za kwanza za chuo, nikawa wa kwanza kati ya watu mia na arubaini. Wakanipa maji nikakaa chini, nikaona sina mtu wa kumwandikia. Tafadhali usiniandikie tena kwa jina lake. Wala kwa jina lako."

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu.

"Mtoto anasemaje?" akauliza baba.

Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji. Msahafu ulikuwa kwenye rafu nyuma yake, nikiliona jalada lake la kijani. Mama alinitazama usoni. Yeye hajui herufi, lakini uso wangu aliusoma wote, najua.

"Neno kwa neno," akasema baba, na alisema kwa upole.

Nikafungua kinywa, nikasoma. Sikusoma kilichoandikwa.

Baba alisikiliza. Nilipomaliza alisema, "Soma tena hapo mwisho." Nikasoma tena, nikijitahidi isipungue wala kuzidi. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni upande wa moyo. Alirudi dukani akitembea haraka. Nilikuwa sijamwona akitembea hivyo.

Mama akaja kukaa karibu yangu. "Ilikuwa bahasha nyembamba," akasema.

21 Septemba

Nimefunga. Kiapo kikivunjwa, asiyeweza kulisha masikini kumi anafunga siku tatu. Bi Kaltham ameuliza funga gani hii ya katikati ya mwezi, nikamwambia ni deni la Ramadhani.

"Umeanza kusema sentensi nzima," akasema. "Mungu mkubwa."

22 Septemba

Siku ya pili. Kiu. Najua kwamba funga haifuti ninachokusudia kuendelea kukifanya. Kila jioni baba anataka nimsomee, na kila jioni navunja tena.

24 Septemba

Ijumaa. Funga tatu zimekwisha. Asubuhi kulikuwa na baridi kidogo uani, na mama ametoa shuka nzito.

Baba anaitembeza ile barua. Jana alimwonesha Bi Kaltham, na heri yeye hajui kusoma ila anasifu mwandiko. Lakini dukani wanafika watu kutoka Samail, kutoka Sur, kutoka Nizwa, madereva waliozaliwa Mombasa na Bujumbura, wengine wamesoma kule mpaka darasa la nane. Ipo siku atamkuta anayejua herufi hizi.

Labda ni wewe. Kama umeweza kusoma mpaka hapa, na ile utaiweza.

Basi ukifika Ibra, ukaingia duka la spea karibu na kituo cha mafuta, ukamkuta mzee mfupi mwenye kovu la moto kwenye kidole gumba, akuoneshe karatasi iliyokunjwa mara nne na kukwambia, "Nisomee, macho yangu hayaoni vizuri," ujue macho yake yanaona. Anaona haya tu. Ichukue, ifungue, ishike mbele yako kama unayesoma. Usimsomee iliyomo. Mwambie hivi, kama nilivyomsomea mimi:

"Baba, barua yako imefika. Nimejua ni yako. Na mimi nakukumbuka. Jumamosi nilikuwa wa kwanza. Ilikuwa inanyesha."

Atakwambia, soma tena hapo mwisho. Soma tena. Kisha mrudishie karatasi yake, na hili libaki baina yetu, mimi na wewe, asilijue mtu mwingine yeyote.